Ngata ya Mzee Ondieki

Bosibori, muuza ndizi wa soko la Nyamarambe, hana ulimi wa kubembeleza. Ukibonyezabonyeza ndizi zake bila kununua, atakuuliza kama umekuja kuzipima homa.

Basi ukoo wake ulipokutana kupanga sanamu ya babu yake, Mzee Ondieki, isimamishwe sokoni Siku ya Mashujaa, mwenyekiti alieleza kwamba mzee atachongwa na kofia ya chuma na bunduki begani. Wote wakapiga makofi isipokuwa Bosibori.

"Bunduki ya nani?" aliuliza.

Mwenyekiti alikuwa Mathew Obwocha, mwalimu mstaafu, mtoto wa kaka yake. "Shangazi, kila mtu anajua omogaka, mzee wetu, alijitolea kupigana na Wajerumani."

Kila mtu alijua, kweli. Hata Bosibori aliimba hivyo shuleni. Lakini yeye alilelewa na bibi yake Nyaboke, mke wa Ondieki, na bibi alimpa habari nyingine huku akimfundisha kusokota majani makavu ya mgomba yawe ngata ya kuwekea mzigo kichwani. Ondieki hakwenda, alichukuliwa. Askari wa Waingereza walizingira soko, wakawafunga vijana kamba, wakawapeleka kuwa wapagazi. Alibeba unga na risasi za kupigwa na wengine. Wenzake walikufa kwa njaa na kuhara, wakaachwa njiani. Alirudi na kipara utosini ambapo nywele hazikuota tena, na hakumsimulia mtu nje ya nyumba yake. Mwanamume wa Kisii hubeba begani. Ngata ni ya wanawake. Aibu hiyo ndiyo wanawe waliyoifunika kwa bunduki.

Bosibori aliyasema yote hayo mbele ya ukoo.

"Unataka wajukuu wamwone amejitwika kama mwanamke?" Mathew akauliza.

"Kichwa hiki kilijitwika ndizi mpaka ukamaliza chuo cha ualimu. Hukukionea aibu."

Watu walicheka. Mathew hakucheka. "Taifa linahitaji mashujaa, shangazi."

"Taifa halikuwepo alipofungwa kamba. Mimi nahitaji babu yangu."

Bosibori alikwenda kwa Manasseh, mchongaji wa mawe ya sabuni aliyepewa kazi hiyo. Sanamu ilikuwa haijafika mabegani wala kichwani. Juu palibaki bonge la jiwe la kofia. Manasseh alisema linaweza kuwa mzigo, lakini hatagusa kitu bila neno la mwenyekiti. Bosibori alirudi nyumbani na hofu moyoni, maana kofia ikishachongwa, babu yake angepotea mara ya pili.

Siku ya soko aliweka mkungu mzima katikati ya njia, na ngata juu yake. "Anayesema hii ni kazi ya aibu, ajitwike mpaka kanisani mlimani."

Mathew, kwa kiburi tu, akajitwika. Bosibori na wanawake wa soko wakamfuata, vijana nao wakimtania. Kwenye mteremko wa kwanza alitabasamu. Kwenye mwinuko shingo ikaanza kutetemeka, jasho likamwingia machoni, na matani yakaisha yenyewe. Nusu ya njia alisimama.

"Alitembea hivi mpaka wapi?"

"Mpaka Tanganyika," Bosibori alisema. "Na akarudi."

Bosibori alidhani atautua. Hakuutua. Aliufikisha mlangoni pa kanisa, wanawake wakapiga vigelegele mpaka padri akatoka nje. Mathew alibaki ameishika ngata mkononi, macho yamelowa. "Mwambieni Manasseh aache bunduki," alisema.

Siku ya Mashujaa kitambaa kilivutwa, na Ondieki akaonekana na kamba kiunoni, ngata utosini na mzigo juu yake, shingo imesimama wima. Furaha ilimjaa Bosibori hata akasahau kumfokea aliyemkanyaga.

Ndipo Mzee Nyasani, wa ukoo wa jirani, akaja mbele amevua kofia, akamnong'oneza: "Babu yetu tulisema alikuwa sajini. Alibeba sufuria."

Bosibori alimshika mkono, akamsimamisha kando ya sanamu, akamwelekeza kwa watu.

"Sema kwa sauti," alimwambia. "Wamekuja kusikia mashujaa."

Naye akasema.