Propela ya Mbio kwenye Boti ya Watu

Siku moja imenikaa kifuani mpaka leo, mwanangu, na ninaikumbuka kwa sauti kabla ya sura: mashine ya boti inalalamika katikati ya maji, nimeifungulia mafuta yote, na boti haiendi.

Nisingekusimulia. Ni aibu yangu, na nimeitunza vizuri miaka yote hii. Lakini jana umenitumia picha ya propela, inang'aa kama sahani ya harusi, na chini yake umeniandikia mimi mjomba wako: "Abti, ona hii kitu. Boti itapaa!" Nikaitazama picha ile sebuleni kwangu hapa Waberi, mjini Garissa, chai ikapoa. Itapaa iende wapi? Nani amekuambia abiria wako wanataka kupaa?

Haya, sikiliza, na usinikatize kama kawaida yako.

Mto Tana ulikuwa umefurika kama unavyofurika hata sasa. Daraja lilisimama, lakini barabara ya upande wa Madogo, ng'ambo ya mji, ilikuwa imezama, na maji yalikuwa yakiikata kwa nguvu kutoka ubavuni. Nilikuwa kijana, nina boti ya mbao na mashine ndogo, ninavusha watu, mbuzi na magunia. Propela yangu ilikuwa kuukuu, kingo zimepigwa tupa mara nyingi hadi zikafanana na meno ya mzee. Ilikwenda polepole. Vijana wenzangu wakanicheka, na mimi sikuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa.

Nikaenda kwa fundi Mutisya, Mkamba aliyekuwa akitengeneza mashine karibu na soko. Alinionyesha namba mbili zilizopigwa kwenye kila propela. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele ikizunguka mara moja, kama msumari wa kuzungusha unavyoingia kwenye ubao. Yangu ya zamani ilikuwa na hatua ya inchi tisa. Nikaona nyingine mpya imening'inia ukutani, hatua kumi na mbili.

"Nataka hiyo," nikasema.

"Hiyo ni ya mtu mmoja na wavu wake," Mutisya akaniambia. "Wewe unabeba ukoo mzima. Hatua ndefu ni mzigo kwa mashine. Kaa na ya tisa."

"Fundi, unataka nitembee kama punda?"

"Nataka ufike, bwana! Basi chukua, lakini ile ya zamani ibebe kwa boti."

Sikuibeba. Nilimwachia pale sakafuni kama takataka. Ningeibeba ya nini, na mimi nina mpya?

Asubuhi nikaijaribu. Peke yangu, boti tupu, pipa la mafuta nusu. Lo, ilikimbia! Vijana waliokuwa ukingoni wakapiga miluzi. "Waria, hiyo ni ndege!" mmoja akaniita kwa sauti. Nikazunguka mara tatu ili wanione vizuri. Mara tatu, mwanangu, kwa mafuta yaliyopatikana kwa shida.

Adhuhuri ilipopita, wakaja wanaume kumi na mmoja upande wa Madogo. Mbele yao alikuwa Mzee Gedi, mfugaji wa ngamia, mavumbi ya safari hadi kwenye nyusi. Binti yake Hodan alikuwa amefariki alfajiri hiyo hospitalini Garissa. Watu wa mumewe walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvika sanda. Wangemzika baada ya Alasiri, na walimngoja baba yake, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka kushuka kaburini na kumpokea kwa mikono yake.

"Kijana, tutafika?" akaniuliza.

"Mzee, hii mashine ni mpya. Kabla hujamaliza kusoma Yasini tuko ng'ambo."

Nilisema hivyo, mimi. Kwa mdomo huu.

Tukapanda wote, kwa sababu hakuna aliyekubali kukosa maziko ya binti yao. Nikawasha. Mashine ikanguruma kwa sauti nzito, ya kukabwa. Nikaongeza mafuta, moshi ukaongezeka, mwendo haukuongezeka. Pua ya boti ikainuka, nyuma ikakaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Mashine haikuweza kuizungusha propela ile kwa uzito ule, kama vile wewe usivyoweza kupanda ngazi kwa kuruka vidato vitatu na gunia mgongoni. Unaelewa? Si kwamba nguvu hazikuwepo. Niliziomba zipige hatua ambayo si yao.

Maji yakatuchukua kando, polepole, huku nikijifanya ninageuza usukani kwa makusudi. Yakatuingiza kwenye vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba, vilivyozama. Ikasikika *kang!* ya kisiki, propela ikapinda, mashine ikatikisika hadi nikaizima. Na ya akiba iko wapi? Kwa Mutisya, sakafuni.

Wanaume wale wakashika matawi ya mathenge na kuivuta boti kuelekea ng'ambo, tawi kwa tawi. Unaijua miiba ile. Hakuna aliyenitukana. Nilisikia tu adhana ya Alasiri kutoka mjini, halafu, baada ya muda mrefu sana, nikaona kivuli cha boti kimekuwa kirefu juu ya maji.

Huko makaburini watu wa mumewe Hodan walimngoja mzee zaidi ya walivyopaswa. Jua lilipokaribia kuzama, ikabidi wamshushe binti kaburini. Nilipofika makaburini nyuma ya Mzee Gedi, watu walikuwa wakinyunyizia maji udongo. Kaka mkubwa wa mume wa Hodan alimjia akilia, akieleza, na mzee akamshika bega, akamwambia amefanya sawa. Kisha akapiga magoti, akaweka viganja juu ya udongo ule wenye maji. Viganja vyenyewe vilikuwa vinatoka damu ya miiba.

Alipoinuka akanitazama.

"Ile boti, ulipoijaribu, nani alikuwa ndani?"

"Mimi peke yangu, mzee."

"Wewe ni mtoto wa wafugaji. Ngamia wa kubeba maji, baba yako alimnunua bila kumpakia mitungi kwanza?"

Tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa nimemwona baba akimpakia ngamia wa watu mitungi iliyojaa, akimwinua, akimtembeza, akitazama magoti yake yanavyotetemeka, ndipo azungumze bei. Jambo hilo nililijua kama jina langu. Lakini nilipopewa chuma kinachong'aa nikajifanya mtu asiyetoka kokote.

Sasa, mwanangu, weka simu chini unisikie. Iache propela hiyo ya kwenye picha. Wewe unavusha watu. Chukua yenye hatua fupi. Ukitaka kuijaribu, pakia boti magunia ya mchanga yenye uzito wa abiria wako wote, fungua mafuta hadi mwisho, usikilize. Mashine ikinguruma bila kupanda hadi mwendo wake, hatua ni ndefu, punguza. Ikipiga kelele kama kitoto na boti haisongi, umepunguza mno. Na hiyo yako ni ya chuma kigumu kisichoshika kutu: ikigonga kisiki cha mathenge haitapinda, itapeleka pigo lote kwenye gia, na gia huwezi kuinyoosha kwa nyundo. Ya alumini hupinda yenyewe, gia ikasalimika. Kisha beba ya akiba, na spana yake, kila safari, hata ukivuka na mtu mmoja. Usiulize watu wa ukingoni. Wao hawapandi.

Mungu ayalainishe maji mbele yako. Kila anayekanyaga boti yako akiwa na mtu anayemngoja ng'ambo, Mungu amjalie amkute. Amina, na kesho asubuhi nenda kwa fundi.