Paswedi ya Mwalimu

Sogea karibu kidogo nikueleze taratibu, maana huenda wewe umekutana na intaneti ikiwa tayari iko mfukoni mwako. Sisi tuliifuata mjini. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, kila mtaa wa katikati ya Arusha ulikuwa na chumba cha kompyuta, na mimi nilikuwa mhudumu katika kimojawapo, hatua chache kutoka Soko Kuu. Tulikuwa na kompyuta sita, printa moja yenye kelele na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Wateja walikuwa watalii, watu wa makampuni ya safari na wanafunzi wa chuo waliotoka Makumira. Walikaa, wakafungua barua zao, wakalipa, wakaondoka. Wengine wote walipita nje wakichungulia kioo kama watu wanaotazama duka la vitu wasivyohitaji.

Mwalimu hakupita. Aliingia Jumamosi moja asubuhi, viatu vyake vina udongo mwekundu wa mlimani, akasimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema, kwa sababu mwalimu wa shule ya msingi humjui kwa jina, unamjua kwa jinsi anavyokutazama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nifundishwe barua pepe."

Alikuwa amestaafu, anaishi juu ya Kikatiti, kwenye migomba na kahawa ya familia ya marehemu mume wake. Sasa alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Wakati huo wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kufika mpaka vijijini, na kule kwao hilo lilimaanisha lori moja, na mtu mmoja anayeshuka, anataja bei, na kuondoka na kahawa yenu. Kikundi kilitaka njia nyingine. Mgeni mmoja aliyewahi kulala kwenye usharika wa kanisa lao alikuwa amewaachia anwani ya mnunuzi wa Ulaya aliyekuwa akitafuta kahawa ya wakulima wadogo. Waliandika barua ya posta, nayo ikajibiwa kwa kifupi: tumieni barua pepe, ni haraka zaidi.

Sasa nikueleze kosa langu lilipoanzia, maana lilikuja likiwa limevaa adabu. Nililelewa kwamba mtu mzima akifika na mzigo, unaupokea. Humwachi ausumbukie. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilijiona nikimkalisha mama wa umri ule mbele ya kompyuta, nikimwambia bonyeza hapa, hapana, siyo hapo, na vijana wa chuo wakitazama. Niliona ni kumdhalilisha.

"Usijisumbue, Mwalimu," nilisema. "Wewe kaa hapa pembeni uniambie, mimi nitaandika."

"Nimewafundisha watoto wa kijiji kizima kusoma, kidude hiki kitanishinda?"

"Hakikushindi. Ila macho yako yataumia bure."

Alicheka, akakaa pembeni. Nilimfungulia anwani. Mtambo ulipotaka neno la siri, sikumuuliza. Niliandika jina la kijiji cha bibi yangu kule Kilimanjaro, nikaendelea. Alitunga barua kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, akinisahihisha mahali pa kuweka mkato, nami niliandika kila neno alilosema.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miezi yote ya mavuno. Kila Jumamosi alishuka, nilifungua, nikamprintia majibu, akayakunja na kuyatia kwenye Biblia yake ili yasikunjamane. Mara tatu au nne aliomba tena. "Leo nishike mimi hicho kipanya." Nami nikamjibu kwa upole uleule, nikamsogezea soda. Niliwaambia wenzangu jinsi ninavyomsaidia mama fulani wa mlimani. Nilijipenda kwa jambo lile.

Desemba ikafika. Kama unaijua Arusha, unajua kwamba mwezi huo sisi wenye asili ya Kilimanjaro tunauacha mji na kupanda nyumbani. Jumamosi ya mwisho kabla sijaondoka, Mwalimu alikuwa na habari njema. Mnunuzi alikuwa ameandika kwamba mtu wake atafika Moshi mwanzoni mwa mwaka, na angewaarifu siku ya kumpelekea sampuli. Ikimridhisha, kahawa yote ya kikundi ingeuzwa kwake moja kwa moja. Akina mama walikuwa wamekwisha kuanza kuichambua kwenye mikeka, punje kwa punje, wakitoa zilizovunjika.

"Unarudi lini?" aliniuliza.

"Mara tu baada ya mwaka mpya."

"Basi niandikie hilo neno la kufungulia. Nitakuja, mwenzako atanisaidia."

"Mwalimu, hata Wazungu wako likizo. Nani ataandika Krismasi?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeandika neno moja kwenye kipande cha karatasi. Sikuandika, na ukiniuliza kwa nini, sitakuambia kwamba nilisahau. Sikuona angelifanyia nini.

Nyumbani kulikuwa na ubarikio wa mdogo wangu kanisani, kisha harusi ya binamu, na ng'ombe wa harusi huliwa kwa siku nyingi. Niliongeza wiki. Sikuwa na simu ya mkononi na kule hapakuwa na mtandao. Niliporudi kazini, mwenzangu wa zamu ya mchana hakunisalimu hata vizuri.

"Yule bibi yako wa kahawa amekuja mara tatu," alisema. "Mara ya mwisho amekaa hapo kuanzia asubuhi mpaka tukafunga. Namwambia sina paswedi, ananiambia nijaribu jina lake, jina la shule, jina la mume wake. Tumejaribu majina ya ukoo mzima! Wewe uliweka nini humo?"

Nilifungua. Barua ilikuwa imeingia siku ya pili baada ya mwaka mpya. Ya pili ilifuata, fupi, ikiuliza kama wameipata ya kwanza. Ya tatu ilikuwa ya kuaga: mtu wao alikuwa amepita Moshi, alikuwa amechukua sampuli za vikundi vingine, na nafasi ya msimu ule ilikuwa imejaa. Iliwatakia heri.

Mwalimu alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimekwisha kuziprinti zote tatu. Alisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka puani, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mtandao ulikuwa mbovu sikukuu zote, Mwalimu. Zimeingia zote kwa pamoja, juzi."

Alitazama zile karatasi kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Basi," alisema. "Haikuwa bahati yetu. Pole na safari."

Halafu akatoa mkungu mdogo wa ndizi alioniletea kwa ajili ya mwaka mpya. Niliupokea. Nilikula ndizi zile.

Hakurudi tena Januari ile, wala Februari. Baada ya Pasaka nilishindwa kuendelea hivyo, nikaenda mwenyewe. Niliteremka garini Kikatiti Jumapili baada ya ibada, nikapanda kwa miguu nikiuliza njia, mpaka nikamkuta nje ya nyumba yake na wanakikundi wengine kama kumi wakinywa chai. Alinitambulisha kwa heshima, jambo lililoniumiza zaidi.

Mwenyekiti wao, mzee mwenye kofia ya sufu, alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Kumbe ndiye binti wa kompyuta! Karibu chai. Kahawa hatuna, imekwenda na lori."

Watu wakacheka. Mama mmoja akamgeukia Mwalimu. "Si ulituambia ni haraka kuliko posta? Mimi nimechambua punje mpaka mgongo ukakataa, halafu tunaambiwa mtandao umeugua. Umeugua nini, malaria?"

Wakacheka tena, lakini si Mwalimu. Wakati huo nilielewa kwamba alikuwa amebeba uongo wangu mpaka pale, akausema kwa kinywa chake mbele ya watu waliomwamini, na wao walikuwa wamemwekea yeye lawama. Januari ileile walikuwa wamemchagua katibu mwingine.

Walipoondoka, nilimwambia. Nilimwambia yote, wala sikuweka adabu katikati: kwamba barua ziliwahi, kwamba neno la siri lilikuwa langu, kwamba nilikuwa harusini.

"Najua," alisema. "Kila barua uliyonipa ina tarehe pale juu. Mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, unadhani sisomi pale juu?"

"Sasa mbona hukusema, Mwalimu?"

Alimwaga masalia ya chai kwenye majani. "Ningesema, ungekasirika. Ukikasirika, nani angenifungulia? Barua zangu zilikuwa kwako."

Nimeyatafuta maneno ya kukueleza nilivyojisikia na sijayapata, kwa hiyo nayaacha. Sikumwomba anisamehe siku ile. Nilimwomba aje Jumamosi.

Alikuja. Nilimpa kiti changu mbele ya kompyuta na mimi nikakaa pembeni, mahali alipokuwa akikaa yeye. Tulibadili neno la siri. Aliliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, nami nilitazama feni. Mara mbili alifuta kazi yake yote kwa bahati mbaya. Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe, nikaikalia. Kijana mmoja wa chuo alikohoa kwa dhihaka. Mwalimu akamgeukia na kumwambia akae wima, naye akakaa wima. Saa nzima ilimpa mistari minne, na mistari hiyo ilikwenda kwa yule mnunuzi.

Wiki tatu baadaye lilikuja jibu. Najua lilikuja kwa sababu nilimwona akivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta na midomo yake ikisoma. Aliandika jambo kwenye daftari lake, akafunga sanduku lake la barua, akalipa, akatoka kuwahi gari. Hakuniambia lilisema nini, nami sikuwa na haki ya kuuliza. Mpaka leo sijui.

Kwa hiyo, mtu akikuomba umfungulie anwani, mzazi wako, jirani, yeyote, fanya hivi. Mkalishe yeye mbele ya mashine au mpe simu mkononi mwake. Mweleze maana ya neno la siri na kwa nini asimwambie mtu lake. Kisha geuza uso wako pembeni mpaka amalize kuliandika, hata kama atachukua saa nzima.