Ndizi za Kumzuia Baba

Tangu Mama afariki, nikamchukua Baba kutoka Misenyi, ng'ambo ya ziwa, aje kukaa nami Ilemela, alikuwa na wimbo mmoja tu: atarudi kwake. Nyumba haina mtu, paa linavuja, presha yake inapanda na kushuka, lakini atarudi. Nikajiambia tatizo ni chakula. Ugali anaumega kwa adabu, wali anausukumasukuma pembeni mwa sahani. Akipata ndizi za kwao, atatulia.

Kwao ndizi hazikatwi vipande zikaogelea kwenye mchuzi. Hufungwa kwenye majani ya mgomba, zikaiva kwa mvuke, kisha zikakandamizwa humohumo mpaka ziwe laini. Mama alifanya hivyo huku anapiga soga. Mimi nilikulia shule za bweni. Najua kula tu.

Mara ya kwanza nilikosa majani, nikafunga kwa ile karatasi ya kung'aa ya kufungia nyama choma. Baba akaonja kidogo.

"Hizi zimepikwa kwenye bati," akasema, akasogeza sahani.

Mara ya pili nilipata ndizi nzuri pamoja na majani yake, zimeshuka na meli ya Bukoba asubuhi hiyohiyo. Nikamenya mpaka utomvu ukanigandia vidoleni, mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa mafuta. Maji yamechemka, harufu imeanza kupanda, gesi ikaisha. Hadi napata mtungi mwingine, ndizi zimepoa zikiwa nusu mbichi, na zikishapoa hivyo hazipondeki tena hata uzikanyage. Nililia, nasema kweli, nimeshika mwiko. Baba akakohoa sebuleni, akauliza kama meli bado inaondoka jioni.

Jumapili nikasema ama zangu ama zake. Nikaenda kwa jirani, mama mmoja muuza vitenge, mwenye migomba michache katikati ya mawe.

"Shikamoo mama. Naomba majani."

"Marahaba. Yaani mgomba wangu haujazaa, wewe unauvua nguo?"

Lakini akanikatia, huku ananung'unika mpaka getini.

Safari hii nikawasha mkaa. Nikapanga zile fimbo nene za katikati ya majani ndani ya sufuria, chini kabisa, nikaweka maji, furushi la ndizi juu yake, nikafunika na wala sikubanduka. Ndizi zilipogeuka njano nikazikandamiza kwa viganja juu ya majani, zinaniunguza, nami nalaani kimoyomoyo kila aliyenizaa na asinifundishe. Nikaenda kulifungua furushi mbele yake.

Baba akala. Akala kwa mkono mpaka akaanza kubandua zilizoganda kwenye jani. Nilisimama pale nimejishika kiuno, roho kwatu.

"Hizi ni za nyumbani kabisa," akasema.

"Kwa hiyo utakaa, Baba?"

Akafuta mkono taratibu.

"Mwanangu, nilikuwa nimeanza kusahau kule. Hata ugali wako nilikuwa nimeanza kuuzoea. Sasa nikatie tiketi ya meli."

Nikazoa majani nikarudi jikoni. Nilikuwa na hasira naye, na ndizi zake, na mikono yangu hii yenye utomvu. Mkaa ulikuwa bado umekolea. Ningeziacha zile ndizi pale kidogo tu zaidi, zingeungua, naye asingekumbuka kwao.