Verlyn Hakumwaga Mahindi

Kaka yangu Verlyn tumemzika Jumanne, Mungu amrehemu. Kwa miaka kumi na tisa aliwapiga picha kulungu weupe wa misitu yetu ya Wisconsin bila kumwaga hata punje moja ya mahindi ya kuwavuta. Alijifunika shuka jeupe, akakaa kwenye theluji, akangoja.

Binamu yetu Wendell hangoji. Yeye humwaga gunia zima la mahindi kando ya barabara, hukaa ndani ya gari lenye joto na kupiga picha dirishani, halafu hujiita mtaalamu. Mwaka jana mtoto wa kulungu mweupe alifuata mahindi hayo, akagongwa na lori. Wendell aliupiga picha hata mzoga wake.

Baada ya mazishi tulikula kanisani. Wendell akanijia na sahani iliyofurika viazi.

“Pole, dada. Yule kulungu jike mweupe wa kwenye picha zake, marehemu alikuambia anakaa wapi?”

“Aliniambia.”

“Basi nipe siri, tusimpoteze.”

“Udongo wa kaburi bado mbichi, nawe unaulizia mnyama?”

“Mimi si ndugu yenu?”

“Ndugu wa magunia! Kanisani sisemi uongo: napajua, na sikuambii. Kula viazi vyako.”

Alikula, akaongeza vingine.

Jumamosi gari lake lilinifuata tangu nyumbani kwangu. Nikaendesha taratibu, asije akapotea, mpaka jalala la mji. Nilipokuwa natupa taka zangu, Wendell alishuka na kamera yake, akaanza kunyatia vichaka.