Mikono Iliyoinuka kwa Daraja la Tano

Siku yangu ya kwanza kwenye shimo la mgodi, shefu wa zamu, yaani msimamizi wetu, alinipa kofia ngumu iliyonifunika mpaka masikio, akanyoosha kidole kwenye jengo la nyuma.

"Mama, jiko iko kule."

"Tata shefu, mi nilikuya kuendesha benne."

Benne ni lori la kubebea mawe ya shaba; tairi lake lilinizidi kimo. Nilipanda ngazi yake, na wote walikuwa wananitazama.

Ninyi vijana wa Kolwezi mnaowaona wanawake kwenye usukani msidhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Kazi yenyewe ni hii: unarudi kinyumenyume hadi kwenye pelle, mashine inayochota mawe, unasimama palepale inapokufikia, unajazwa, kisha unapanda mteremko kutoka shimoni. Tulifanya mtihani mmoja, mimi na wanaume sita, tukafaulu sote. Wao wakaandikwa daraja la tano la mshahara. Mimi la tatu, chini yao.

Nilikasirika, siwafichi. Nikaenda kwa mkuu wa wafanyakazi.

"Mama Odia, uko na bwana, anakulisha. Nikikuweka sawa na banaume, batu batasema nini?"

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliposikia hayo alicheka mpaka akakaa chini. "Mi nakulisha na nini? Na chaki?"

Lakini kweli watu walisema. Hata akina mama wa kwaya yetu waliniambia namwaibisha mume wangu. Shimoni, aliyepiga kelele kunipinga kuliko wote alikuwa Tata Kabeya, mwendesha pelle, mtu wa Kasai kama mimi.

Baadaye tulihamishiwa sote shimo la upande wa Nzilo. Mkurugenzi wa huko alichoshwa na barua zangu za kudai daraja la tano. Asubuhi moja, wakati wa kupokezana zamu, akatukusanya uwanjani.

"Bale banakubali Mama Odia aingie daraja ya tano, bainue mikono. Bakiwa bengi, nasaini leo. Bakikatala, sitaki barua tena."

Ikainuka mikono minne. Tata Kabeya alikunja yake kifuani. Nikaomba neno moja.

"Tata Kabeya, mvua ikinyesha, mu radio unaita nani?"

Mvua ikinyesha, mteremko wetu ulikuwa tope jekundu tupu, na mtu wa pelle ndiye aliyechagua dereva wa kutangulia kushuka. Kabeya alikuwa mbishi, lakini kuhusu kazi hakudanganya kamwe. Aliangalia buti zake.

"Naita Odia."

"Juu ya nini?"

"Juu bengine banateleza, banaziba njia." Akamgeukia mkurugenzi. "Shefu, hii mambo mi siipendi. Lakini huyu mama eko dereva."

Akainua mkono. Uwanja mzima ukamfuata, vigelegele vikatoka kwa wapishi kule jikoni, na mkurugenzi akasaini palepale, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa shefu wa zamu. Nililia mbele ya wanaume wote na sikuona haya.

Wanawake waliokuja nyuma yangu waliingia daraja la tano tangu siku ya kwanza.

Sasa nimestaafu. Nikitoka kanisani wazee wananisimamisha: "Mama Odia, unakumbuka? Mi njo nilitangulia kuinua mukono!" Wamo hata waliokuwa Kasaji wakati ule, mbali na shimo letu, wakilima mihogo. Kabeya anasimulia kwamba wazo lote lilikuwa lake. Simkatazi. Asubuhi ile niliiomba mikono, nikapewa minne. Leo inanifuata mpaka mlango wa kanisa, nami naipokea yote.