Kimatofali Chavishwa Kava la Waridi

Kimatofali kilianguka Jumanne asubuhi, kutoka juu ya friji hadi kwenye sakafu ya saruji, na Dada Meno akatoka bafuni mbio na povu la sabuni masikioni. Alimkuta mama yake amesimama katikati ya jikoni, mikono kichwani.

"Usisogee," mama alisema. "Utakanyaga vipande."

Kilikuwa kigemu cha mkononi cha kizamani, cha betri nne na kioo kidogo cha kijani. Kilinunuliwa miaka thelathini na mitatu nyuma kwa ajili ya kaka mtu, alipofaulu mitihani. Kaka alikicheza miezi miwili, akakichoka. Mama wakati ule alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali, na kazi ikiisha alipanda ngazi kwenda wodini kumuuguza mumewe. Akakitia kigemu kwenye mkoba, apate cha kushika huku anasubiri. Mume alifariki, mama akaendelea kucheza. Mchezo wake ni mmoja tu: matofali yanashuka, unayageuza, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Kila siku baada ya chai alicheza raundi tatu, hazizidi. Rekodi yake ilikuwa mistari mia moja arobaini na mbili, na aliitaja kama akina mama wengine wanavyotaja uzito wa kifungua mimba wao.

Dada Meno alikusanya vipande kwenye sinia. Mgongo wa Kimatofali ulikuwa umevunjika vipande vitatu, na upande wa mbele ulikuwa na ufa kutoka kwenye kioo hadi pembeni. Plastiki yenyewe, iliyokuwa ya kijivu zamani, ilikuwa imegeuka njano kama jino la mvutaji sigara. Akazigusisha betri kwa kidole. Kioo kikawaka, kengele ndogo ikalia.

"Yuko hai!" mama akasema, akavuta kiti na kukaa.

"Yuko hai, ila hana ngozi."

Wakamfunga kwa mipira ya kufungia vifurushi. Kila mama alipofika mstari wa ishirini hivi, betri zilichomoka na mchezo ukazimika. Siku ya nne mama aliacha kucheza. Hakulalamika. Baada ya chai alikaa tu akitazama dirishani, vidole gumba vikitembea juu ya kitambaa cha meza.

Nieleze jina hilo la Dada Meno. Meno yake mwenyewe yalikuwa ya kawaida, na moja la mbele lilikuwa limempandia jirani yake kidogo. Aliitwa hivyo kwa sababu alitengeneza meno ya bandia, kwenye chumba cha nyuma cha kliniki moja iliyokuwa mitaa miwili kutoka kwao. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kazi hiyo ameifanya tangu ana ishirini na minne. Kabla ya hapo alisomea udaktari wa meno miaka miwili, akauacha kwa hiari yake. Aligundua kwamba mdomo wa mtu uliofunguka unamtia hofu, lakini taya la plasta mezani linamtuliza. Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Haya," na tangu siku hiyo hakuwahi kuuliza habari za kazi. Miaka ishirini na miwili, mitaa miwili, na mguu wake haukuwahi kukanyaga kliniki ile. Alipoumwa jino alipanda basi kwenda kwa daktari mwingine.

Kaka mtu, aliyekuwa akiishi ng'ambo, aliposikia kisa alisema hilo ni jambo dogo. Akatuma kava jipya kwa posta. Lilifika baada ya wiki tano, la buluu, linameta. Dada Meno alikaa nalo mezani, akachonga ncha ya kisu chake cha zamani cha kukatia nta mpaka ikaingia kwenye skrubu za Kimatofali, zile zenye kichwa cha mabawa matatu. Akatoa bodi ya ndani, akaipachika kwenye kava la buluu. Haikukaa. Matundu ya vitufe yalikuwa yamesogea, na nguzo za skrubu zilikuwa mahali pengine kabisa. Kava lilikuwa la toleo la baadaye, dogo zaidi.

"Basi mwekee huo mchezo kwenye simu," kaka akasema. "Upo, tena wa rangi."

Walimwekea. Mama akajaribu raundi moja, akairudisha simu mezani.

"Hakuna cha kubonyeza," alisema. "Ni kama kupiga pasi hewani."

Kesho yake Dada Meno alimfuata daktari mwenye kliniki, mtu mnene mwenye mizaha, akamwomba ruhusa ya kutumia vifaa vya karakana siku za Jumamosi.

"Mgonjwa ana umri gani?" daktari akauliza.

"Thelathini na mitatu."

"Amebakiwa na meno mangapi?"

"Hana hata moja. Hajawahi kuwa nayo."

"Maskini. Mhudumie."

Akamhudumia. Alivigandisha vipande vya kava la zamani kwa gundi, akaziba nyufa kwa nta, akalizamisha lote ndani ya plasta kwenye bati la kuokea mkate, kwa kuwa vyombo vyake vya meno vilikuwa vidogo mno. Plasta ilipokauka aliipasua nusu mbili, akalitoa kava, akabaki na shimo lenye umbo la Kimatofali. Ndani yake alimimina ule uji wa fizi za bandia: unga wa rangi ya waridi na maji yake makali, ambavyo vikikutana huwa laini kama donge la unga uliokandwa, kisha vikakaza kama jiwe. Unga wa rangi nyingine hakuwa nao wa kutosha. Meno huhitaji kidogo, fizi ndizo zinazokula unga.

Kava la kwanza alilitoa mapema mno. Hadi Jumatatu lilikuwa limejikunja kama jani kavu, ukiliweka mezani linabembea. La pili alilitia wavu mwembamba wa chuma ndani, kama alivyowafanyia wagonjwa wanaovunja meno yao kila mwaka, akalibana kwenye jiriwa siku tatu nzima. Hilo lilinyooka.

Lakini alipolishika mwenyewe aliona tatizo ambalo kava la zamani nalo lilikuwa nalo. Mgongo wake ulikuwa bapa. Mama alikuwa na miaka sabini na minne, vifundo vya vidole vyake vimevimba kwa miaka ya pasi, na Dada Meno alishamwona mara nyingi akiacha mchezo katikati ili akunje na kukunjua kidole gumba. Ikiwa unatengeneza upya, kwa nini urudie kosa lilelile?

"Mama," alisema kwenye chai, "nahitaji mikono yako."

"Ninayo hapa."

"Nahitaji uje nayo kazini. Nta inatakiwa iwe ya moto."

Mama alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Nitavaa nini?" akauliza.

Akaja Jumamosi saa nne, na gauni lake la harusi za watu na mkoba mkubwa. Alisimama mlangoni mwa karakana kitambo. Ukutani kulikuwa na rafu tatu za mataya ya plasta, kila moja limebandikwa karatasi yenye jina na tarehe. Mezani kulikuwa na taa ya gesi, brashi na mashine ya kung'arishia yenye gurudumu la kitambaa.

"Hawa wote ni watu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni wateja, mama. Wako majumbani kwao wanakula."

"Kumbe." Akavua viatu kabla ya kuingia, ingawa hakuna aliyemwambia.

Kabla nta haijapata moto, mlango uligongwa. Akaingia muuza magazeti wa kwenye kona, mwanamume wa makamo. Meno yake manne ya mbele yalikuwa yametoka kwenye ajali ya baiskeli, na mwezi mzima alikuwa akiuza kwa kuonyesha kwa kidole, kwa kuwa vichwa vya habari vilimtoka mdomoni vikiwa upepo mtupu. Daktari alikuwa ametoka kumvisha meno mapya, na sehemu moja ilikuwa ikimkwaruza.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mama kwanza, na herufi zikamponyoka kidogo.

"Marahaba, baba. Keti."

Dada Meno aliyapokea meno kwa kitambaa bila kumtazama mdomoni, akayageuza kwenye mwanga, akayapitisha kwenye gurudumu kama pumzi tatu hivi. Akayasuuza, akayarudisha.

"Sema sita, sitini, sitini na sita."

"Sita, sitini, shitini na sita."

Akayachukua tena. Safari hii alikwangua nyuma ya jino moja kwa ncha ya kisu, unywele tu. Mama alikuwa ameinama mbele, mkoba umemporomoka miguuni na hana habari nao.

"Sita. Sitini. Sitini na sita!" Muuza magazeti akasimama. "Waziri ajiuzulu! Simba atoroka! Soma sasa!" Alipaza sauti hadi taya moja likatikisika rafuni. Halafu machozi yakamlengalenga, akacheka kuyaficha. "Ahsante sana, daktari."

"Mimi si daktari," Dada Meno akajibu, kama alivyowajibu wote kwa miaka yote. "Mimi ni fundi tu."

"Hakuna tu hapo," mama akadakia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Haya meno kayatengeneza nani? Huyo daktari kayapachika. Mshukuru fundi, baba."

Muuza magazeti akamshukuru fundi. Alipoondoka, taa ya gesi ikaendelea kuvuma. Dada Meno alikuwa na shughuli nyingi ghafla kwenye droo ambayo haikuwa na kitu.

"Nta inaungua, mwanangu," mama akasema.

Haikuwa inaungua, ilikuwa tayari. Dada Meno akaibandika vipande viwili vinene nyuma ya kava la waridi, akampa mama.

"Shika kama unavyoshika siku zote. Usikaze. Fikiria uko mstari wa mia."

Mama alifumba macho, akashika. Vidole vilizama taratibu, gumba likatafuta mahali pake, na pete ya ndoa ikaacha mfereji wake. Wakakaa hivyo mpaka nta ilipopoa, mmoja ameshika, mwingine amemshikia viwiko.

"Ulikuwa unaogopa midomo," mama akasema, macho bado yamefumbwa. "Nilidhani uliogopa kazi."

"Hukuniuliza."

"Sikuuliza. Hilo ni langu."

Nta ilibanduliwa, na mama akavaa viatu, akarudi nyumbani kwa miguu peke yake, akikataa kusindikizwa.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya wiki mbili. Mgongo ulimiminwa upya kufuata alama za nta. Matundu ya vitufe yalikwanguliwa moja moja, kipande cha kioo kikahamishwa kutoka kava la zamani, nguzo za skrubu zikapandwa kwa kupimwa mara mbili. Mwisho gurudumu la kitambaa na unga wa kung'arishia, hadi waridi lile likawa na mng'ao wa ulimi.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza.

"Limekaa kama fizi za mtoto anayeota meno," alisema.

"Hulitaki?"

"Nani kasema? Lete betri."

Raundi ya kwanza alishindwa kwenye mstari wa tisa. Ya pili, kumi na mmoja. Dada Meno akakiweka kisu chake cha nta karibu.

"Bega la kushoto la kava limenona," mama akatamka mwishowe. "Linanisukuma."

Akalikwangua. Bado. Akalikwangua tena, mama akijaribu kila mara na kutikisa kichwa kama mteja mkaidi kwa fundi cherehani. Mara ya nne hakutikisa kichwa. Alianza kucheza, na chai ikapoa mezani. Mistari ishirini, arobaini, sabini. Gumba halikusimama hata mara moja kujikunjua. Alifika mia moja na tatu, akaachia pumzi, akakiweka Kimatofali chini bila haraka.

"Sasa wewe," akasema.

"Mimi? Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na mitatu."

"Cheza, nione."

Dada Meno alikishika. Hakikumkaa mkononi, kwa kuwa mabonde yote yalikuwa ya mtu mwingine. Matofali yakaanza kushuka, na mama akasogeza kiti mpaka mabega yao yakagusana.

"Geuza. Geuza, mwanangu, kabla halijafika! Si huko! Liache hilo, tafuta refu. Ah! Miaka ishirini na miwili unashika vitu vidogo kuliko hivi!"

Mnara ukapanda hadi juu, kengele ikalia. Mistari sita.

"Sita," Dada Meno akasoma.

"Sitini na sita bado mbali," mama akasema, akambonyezea kitufe aanze upya.