Maji ya Mama Aliyetengwa

Nilitengwa na kanisa kwa sababu ya sahani moja ya kombe. Anayetaka kucheka acheke, mimi sikucheka. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, kwenye shamba la mkonge upande wa Pongwe. Nilikuwa bado kijana, nimeteremka na mume wangu kutoka milimani Usambara kutafuta kazi. Yeye aliwekwa korona, kwenye mashine inayosaga majani ya mkonge, na mimi nikawekwa uwanjani na wanawake wenzangu, tunaanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya mpaka zikauke. Tulipewa chumba kimoja kambini. Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na shamba la mihogo la bibi mmoja Mwislamu, mjane, mzaliwa wa Mwera, aliyeolewa huku zamani.

Nilikuwa na kiburi, tena kingi. Baba yangu alikuwa katika Wakristo wa mwanzo kijijini kwetu, na mimi nilihifadhi katekisimu nzima nikiwa sijaota hata matiti. Bibi yule akiniletea kisamvu au bamia, nilipokea kwa adabu zote, shikamoo bibi, ahsante bibi, lakini akishageuka tu nawamwagia kuku. Nani ale chungu cha watu wasiomjua Yesu? Ndivyo nilivyowaza, na nikilala najiona mtakatifu.

Jumapili moja binti yangu wa kwanza, wakati huo ndiyo anaanza kusema, alishikwa na degedege. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Dresa wa zahanati ya shamba alikuwa amekwenda harusini Tanga mjini, na mlango ameufunga kwa kufuli. Mume wangu alikuwa kanisani. Nilipiga ukelele, na aliyekuja mbio hakuwa Mkristo hata mmoja, alikuwa bibi wa mihogo. Alininyang'anya mtoto, akamvua nguo, akamfuta kwa kitambaa cha maji, huku amemtuma kijana wake kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kijana alirudi na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani. Bibi akamimina maji, akakoroga kwa kidole mpaka maandishi yakayeyuka. Hilo ndilo kombe, dawa ya watu wa pwani. Hakumnywesha kwa siri. Aliniuliza kwanza.

"Mwanangu, huyu ni wako na dini ni yako. Nimpe?"

Nikamwambia ampe. Ningempa chochote saa ile. Jioni mtoto aliomba uji. Kilichomponya sikijui mpaka leo, kama ni kombe, au ni kile kitambaa cha maji, au ni Mungu aliyetumia mkono uliokuwa karibu. Najua tu kwamba bibi yule alishinda kwangu mpaka magharibi, na siku iliyofuata alipoleta kisamvu, kuku hawakukiona.

Habari zilimfikia mzee wa kanisa. Kambini hakuna siri, ukuta ni udongo na masikio ni mengi. Mzee huyu alikuwa pia mnyapara wetu pale uwanjani, kwa hiyo siku sita alikuwa juu yetu kwa mkonge na siku ya saba kwa Injili. Mchungaji aliishi mbali, ana sharika nyingi, kwetu alifika mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa la mzee. Aliniita barazani mbele ya wazee wenzake, akasema nimemwacha Kristo nikakimbilia shetani, na kwamba niko chini ya marudi, yaani nimetengwa, mpaka nitakapotubu mbele ya usharika. Nikamwambia sawa, nitatubu. Akanipa na maneno ya kutubia, ameyatunga mwenyewe. Nilitakiwa kusimama niseme kwamba yule mwanamke alimnywesha mwanangu maji ya shetani, na kwamba sitakanyaga tena kwake.

Nilikataa. Kutubu naweza, nikamwambia, lakini kumtukana mtu aliyeniokolea mtoto siwezi. Alinitazama kama anavyotazama singa iliyoanikwa vibaya. Mume wangu aliponisihi nyumbani, akasema maneno ni upepo, yaseme tu tukae kwa amani, nilimjibu vibaya sana. Yeye kazi yake ilikuwa mkononi mwa watu, namwelewa sasa. Wakati ule sikumwelewa hata kidogo.

Basi nikawekwa benchi la nyuma, karibu na mlango. Aliyetengwa haimbi kwaya, hasimami kuomba mbele ya watu, na mchungaji akija na chakula cha Bwana, hutoka nje na wenziwe wakangoja kama kuku waliofukuzwa jikoni. Nilikuwa na wenzangu huko nyuma. Alikuwapo mwanamume aliyeoa mke wa pili, na mzee mmoja wa kunywa tembo, na msichana mwenye mimba isiyo na baba. Jumapili za mwanzo nilijibanza pembeni ili asije mtu akadhani kosa langu ni sawa na la yule msichana. Ebu fikiri! Nimeshatupwa jaani na bado nachagua pa kukaa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilipolalia kile, nikawajua. Yule mzee wa tembo alikuwa akilia kila liliposomwa zaburi ya toba, analia kimya kimya, machozi yanaingia kwenye ndevu, na huko mbele hakuna aliyegeuka kumwona. Yule msichana alikuwa na njaa. Nilianza kumletea kiazi nimekifunga kwenye ncha ya kanga, na siku moja wakati wa maombi akanishika mkono. Mimi niliyezoea kuomba kwa maneno marefu yenye aya ndani yake, nilijikuta sina neno. Nilisema Bwana nihurumie, basi. Na nilijua nimesikiwa, jinsi nisivyowahi kujua nilipokuwa mbele na kwaya. Wachungaji wanapohubiri kwamba Mungu huwa karibu na waliovunjika moyo, wanahubiri kweli. Nilimkuta pale mlangoni, na inaniudhi mpaka leo kwamba ni kweli.

Hapo nilikuwa na mimba ya pili. Mtoto alizaliwa masika, mvulana, mdogo mdogo lakini ana sauti. Nilitaka abatizwe. Kwa sisi tuliolelewa vile, mtoto asiyebatizwa ni kama mtu aliyesimama barabarani bila kwao. Akifa hapigiwi kengele wala halali makaburi ya kanisa, na mama yake hubaki akijiuliza maisha yake yote mwanangu yuko wapi. Nilimpelekea mzee wa kanisa ombi langu kupitia kwa mume wangu. Jibu likarudi kwamba mtoto wa aliyetengwa habatizwi mpaka mama arudi kundini, na mama harudi mpaka mchungaji aje. Mchungaji naye haji, maana masika ile ilikata barabara kila mahali.

Mtoto alikuwa hajatimiza hata arobaini alipoanza kuhara na kutapika. Dresa safari hii alikuwapo. Alitoa dawa, akarudi kesho yake akatoa nyingine, siku ya tatu alimtazama tu na kuniambia nimwombee. Nikamwachia bibi mtoto, nikaenda uwanjani mchana kweupe, kazi imepamba moto, wanawake wote wako kwenye nyaya. Nilipiga magoti matopeni mbele ya mzee wa kanisa. Wenzangu waliacha kuanika.

"Mzee, mtoto anakwenda. Nakuomba umbatize."

Akasema yeye si mchungaji, hana mamlaka hayo. Nikamwambia basi nipokelewe, nitasema maneno yake yote aliyoyatunga, hata yale ya shetani, nitayasema pale pale matopeni mbele ya watu wote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kiburi changu chote kilikwisha saa ile, sikuwa nimebakiza hata cha kufungia kilemba. Kama unyenyekevu ndio waliokuwa wanautaka, ulikuwa pale miguuni pake, amwinue nani mwingine?

"Toba ya woga si toba," akasema. "Ngoja mchungaji."

Kisha akawageukia wanawake akawaambia singa hazijianiki zenyewe.

Nilirudi nyumbani mbio. Bibi alikuwa amempakata mtoto, anampepea kwa ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka. Nilimtazama mwanangu nikaona hakuna cha kungoja. Nilichota maji mtungini kwa kata. Nilimwambia bibi ninachotaka kufanya, na kwamba sijui kama ninaruhusiwa, na kwamba kama ni dhambi basi iwe yangu peke yangu. Bibi alimweka mtoto vizuri mkononi, akamwinua kichwa, akanishikilia mwanangu. Nilimmwagia maji mara tatu, nikalitaja jina lake, nikasema nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji mengine yalimlowesha bibi kifuani. Jina la mwanangu silitaji hapa. Alikufa alasiri ile ile.

Mzee wa kanisa alipoambiwa kwamba nimembatiza mwenyewe, alisema hilo si batizo, ni mwanamke aliyetengwa kumwosha mtoto. Kengele haikupigwa. Makaburini pa kanisa tukakataliwa. Mume wangu alisimama uani amekunja mikono nyuma, hajui aende wapi, mpaka bibi alipotoka na jembe. Alisema shamba lake lina pembe kavu isiyotuama maji. Vijana wake walichimba, wakateremka kaburini wakampokea mwanangu kwa mikono miwili, wakamlaza kama wa kwao. Sala nilisema mimi. Wao waliinamisha vichwa. Wakristo waliokuja walikuwa wawili, yule mzee wa tembo na yule msichana, naye tumbo lilikuwa limeshamwelemea. Ya nini niwalilie walioketi mbele? Hawakuja, basi, na nimewahesabu kuwa hawakuja.

Mchungaji alifika mvua zilipokatika. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alisikiliza habari za wazee kwanza, kisha akaniita nikamweleza yangu. Aliniuliza nilitumia nini. Nikasema maji. Akaniuliza nilisema maneno gani. Nikayasema yote, pamoja na jina la mwanangu. Halafu akawaambia wazee, mimi nikiwapo, kwamba mtoto yule amebatizwa sawasawa. Mtoto akiwa anakufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, mwanamume kwa mwanamke, ndivyo kanisa linavyofundisha tangu zamani.

"Mzee," akamwuliza, "hukulijua hili?"

Mzee wa kanisa alisema alilijua. Ila alidhani ni kwa wale walio kundini.

Alilijua! Nilikuwa nimepiga magoti matopeni, yeye anajua kwamba kikombe cha maji na pumzi moja vingetosha, naye akachagua kudhani. Mkono wangu niliombatizia mwanangu ulitaka kumpiga kofi. Nikaushika kwa ule mwingine.

Jumapili ile nilisimamishwa mbele kutubu, maana marudi yalikuwa bado yako juu yangu, na mchungaji hakuyafuta. Wazee walikuwa wakingoja yale maneno yao. Niliposimama sikuyasema. Nilisema ninatubu kiburi changu. Nilisema nilimdharau jirani yangu miaka miwili, nikamwaga chakula chake, nikajiona bora kuliko waliokaa nyuma, na kwa hayo ninaomba Mungu na usharika wanisamehe. Mzee mmoja akaguna na kuuliza kuhusu kombe. Mchungaji alisema amesikia toba, imetosha. Akanipokea. Baada ya ibada alikwenda na usharika mzima mpaka kwenye pembe ya shamba la bibi, akaomba pale, akalitaja jina la mwanangu kwa sauti kama Mkristo mwingine yeyote.

Zilipita siku kadhaa, halafu mzee wa kanisa akaja nyumbani. Alivua kofia. Nilimpa kigoda, nikampa maji ya kunywa, kwa maana sikulelewa kumnyima mgeni maji. Sidhani kama alikuja kwa ubaya. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na aliniomba radhi, nami nikampa, kwa mdomo siku ile, na kwa moyo baada ya miaka mingi sana. Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini alizoea kuhubiri, na mtu hawezi kuacha mazoea kwa siku moja. Akasema amenisikia nikitubu na hajawahi kusikia toba kama ile. Akasema Mungu hutuvunja ili atujenge, na kwamba yote yaliyonipata, hata lile la mtoto, Mungu aliyaruhusu ili anikuze kiroho, na sasa kila mtu anaona jinsi nilivyokua.

Sikupandisha sauti, binti yangu alikuwa amelala.

"Nimekua, mzee, sikatai," nikamwambia. "Lakini ningeulizwa, ningebaki mdogo, nibaki na mwanangu."